Dodoso la Goti la Oxford: linapima vizuri, linatabiri kwa shida

Kama kipimo cha hali ya goti ilivyo sasa, Dodoso la Goti la Oxford, lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, linastahili sifa linazopewa. Lakini siku hizi hupewa pia kazi ya kumtabiria mgonjwa atakavyokuwa baada ya kuwekewa goti bandia, na hapo ndipo majibu yake yanapohitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa.

Dodoso lenyewe ni fupi: maswali 12, yote kuhusu wiki 4 zilizopita. Mgonjwa huulizwa maumivu yake ni makali kiasi gani, anatembea kwa muda gani kabla hayajamzidi, kama goti humlegea ghafla, kama anashuka ngazi, kama anaweza kupiga magoti na kuinuka tena. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, hivyo goti lisilo na tatizo hupata 48. Ninachokipenda ni kwamba mwenye goti ndiye msemaji. Hakuna mtu mwingine anayeweza kujua kama maumivu humkatiza usingizi. Anayesoma makala za zamani, hata hivyo, awe macho: zamani alama zilianzia 12 hadi 60, na 12 ndiyo iliyokuwa hali bora, kwa hiyo asiyelijua hilo atadhani waliopona ndio waliozidiwa.

Tatizo la utabiri linaonekana tukiwachukua wagonjwa wawili, mmoja akianza na alama 12 na mwingine 38. Nchini Uingereza, ambako alama hizi zimekuwa zikikusanywa tangu mwaka 2009, kabla ya upasuaji na miezi 6 baadaye, ongezeko la wastani ni alama kama 16. Mgonjwa wa kwanza akilipata atafika 28, na huenda akasema kwamba amerudishiwa maisha yake ingawa bado anachechemea. Wa pili hawezi kulipata hata goti lake likiwa kamilifu, kwa sababu zimebaki alama 10 tu. Anaweza kufika 42, juu kabisa ya mwenzake, na bado akajiuliza kwa nini alikubali kupasuliwa. Alama ya kuanzia, basi, hujibu maswali mawili kwa namna zinazopingana: aliyeanza chini kwa kawaida hupanda zaidi, aliyeanza juu huishia pazuri zaidi. Kikokotoo cha kutabiri matokeo kinachotoa namba moja bila kueleza kinajibu swali lipi hakimsaidii mgonjwa hata kidogo.

Isitoshe, mengi yanayoathiri matokeo hayamo kabisa katika maswali hayo 12. Hakuna linalogusa msongo wa mawazo au sonona, wala maumivu ya mgongo ambayo goti jipya haliwezi kuyaondoa. Picha ya eksirei nayo haimo, ilhali mgonjwa mwenye maumivu makali lakini ambaye gegedu lake, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limesagika kidogo tu, yaani daraja la chini katika mizani ya Kellgren na Lawrence ya mwaka 1957, inayopanga uharibifu wa kiungo kwa kutazama eksirei, ndiye mara nyingi anayeondoka bila kuridhika. Kubwa zaidi ni matarajio. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, takriban mmoja kati ya watano hakuridhika, na kutotimizwa kwa matarajio ndiko kulikohusiana zaidi na hali hiyo.

Kwa hiyo ningependekeza dodoso hili lijazwe kabla ya upasuaji, kisha baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, maana goti huendelea kuimarika hadi wakati huo. Nisingekubali kiwango fulani cha alama kiwe sababu pekee ya kumnyima mtu upasuaji. Daktari naye asiishie kwenye jumla. Alifungue dodoso na kuzungumza na mgonjwa jibu kwa jibu, hasa lile la kupiga magoti, kwa kuwa wengi hubaki na shida hiyo hata maumivu mengine yakiisha. Jumla ya 44 inaweza kuificha kabisa, na kwa mtu anayeswali au anayefanya kazi kwa kupiga magoti, huenda hilo ndilo lililomfikisha kwa daktari.