Usiku wa nyota Kizimkazi: darubini safi, kiongozi hovyo

Msimu huu wa kaskazi, usiku usio na mwezi, tulilipia matembezi ya kutazama nyota kule Kizimkazi, Unguja. Jina la kampuni nalihifadhi. Tangazo lao lilisema tutaziona aina za galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota, kwa macho yetu. Mikeka ilikuwa misafi, pweza alipikwa akapikika, darubini ni kubwa ya kutosha. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwa kiongozi. Mpwa wangu wa darasa la sita, anayependa mambo ya falaki kuliko kula, alinyoosha kidole kusini, juu ya bahari, akauliza kwa adabu zake zote: "Mjomba, yale meupe mawili ni galaksi?" Kiongozi akamjibu, "Hayo mawingu tu. Kaa chini, unawazibia wageni."

Wageni! Na sisi tuliotoa pesa zetu ni nani? Mtoto alikaa, akainamisha kichwa. Yule bwana akaendelea kuwaonyesha Wazungu Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho hata bibi yangu alikijua bila darubini.

Yale mawili NI galaksi! Ni Mawingu ya Magellan, Kubwa na Dogo. Wingu la mvua husukumwa na upepo; haya yalibaki palepale na nyota zake, saa nzima. Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na yote mawili huhesabiwa katika galaksi zisizo na umbo maalumu. Na hao wageni aliokuwa akiwapendelea, kwao Ulaya mawingu hayo hayachomozi kabisa. Wamevuka bara zima, yako mbele ya macho yao, wanaambiwa ni mawingu tu. Amewadhulumu na wao.

Ningeishia hapo, niwape nyota moja kati ya tano, kwaheri. Lakini kiongozi alipokwenda kula, kijana msaidizi alimwita mtoto: "Njoo mdogo wangu, umeuliza swali zuri." Akaigeuza darubini kaskazini-magharibi, kwenye galaksi ya Andromeda. Msitarajie mikono iliyojiviringisha kama ya pichani. Utaona ukungu mrefu wenye kiini kinachong'aa. Lakini nuru ile imesafiri miaka milioni 2.5 kukufikia! Mwanafalaki wa Uajemi, Al-Sufi, aliiandika mnamo mwaka 964, na darubini hazijabuniwa. Pembeni yake kijana akatuonyesha kidoa cha duara, M32, galaksi ya duaradufu: haina mikono, nyota zake nyingi ni kongwe, na gesi ya kuzalia nyota mpya karibu haimo. Kisha akaonyesha mkanda hafifu wa Njia Nyeupe upande wa mashariki. "Hii tumo ndani yake. Nayo ina mikono, ila katikati imekatizwa na nyota zilizojipanga kama boriti."

Yaani makundi makuu ya galaksi aliyoyapanga mwanafalaki wa Marekani Edwin Hubble mwaka 1926, yenye mikono, ya duaradufu na yasiyo na umbo, tuliyapata yote kwenye ufukwe mmoja kabla ya kulala. Mtoto alikuwa akirukaruka mchangani. Pale pale nilishaamua: nyota tano, na mwakani tunarudi na ukoo mzima.

Kiongozi akarudi. "Nani kakuruhusu kuhamisha darubini?" Akamfokea kijana mbele yetu, mbele ya mtoto, akairudisha kwenye Kilimia. Hakuna hata pole.

Basi tano zimefutika. Nawapa tatu kwa ajili ya kijana. Hapana, mbili, kampuni inayomweka mtu kama yule mbele na kumficha anayejua kazi haistahili tatu. Mkienda, fikeni mapema, saa mbili usiku, Andromeda ikiwa bado juu, na muulizieni msaidizi kabla ya kulipa. Wakisema hayupo, rudini na pesa zenu.