Kontroo namba ikipimwa Kibirizi, na kwa nini mifumo mingine ya Serikali ni ghali

Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, akitaka kulipia leseni, ofisi humtolea bili, na bili huja na namba ya malipo ya tarakimu 12, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Anafungua menyu ya simu, anachagua malipo ya Serikali, anaingiza namba, anahakiki jina na kiasi, anaweka namba ya siri. Basi. Huduma hii inapitia GePG, mfumo wa Wizara ya Fedha ulioanza 2017, na inastahili alama za juu.

Kuna ya kuangalia. Bili ina tarehe ya mwisho. Ikipita, kurudia mara kumi hakusaidii, omba bili mpya. Bili nyingine hudai kiasi kamili, hukataa hata ikipungua shilingi moja, na nyingine hukubali kulipwa kidogokidogo, kwa hiyo muulize karani mapema. Fedha ikikatwa na risiti isionekane, usilipe tena. Tunza kumbukumbu ya muamala, kwa sababu hesabu za benki na za kampuni za simu hulinganishwa na za GePG, na hapo ndipo malipo yaliyopotea hupatikana.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kazi yake ni ndogo. GePG haijui leseni ya uvuvi ni nini wala ushuru wa soko unakokotolewaje. Inapokea bili, inatoa namba, inapeleka taarifa kwamba fedha imeingia. Kila taasisi huongea nayo kwa ujumbe wa muundo uleule, uliosainiwa kidijitali. Chukua taasisi 50 na njia 10 za malipo: zikiunganishwa moja kwa moja, ni viunganishi 500 vya kujenga na kutunza. Zikipitia katikati, ni 60. Akiba iko hapo.

Mifumo mingi huanza kinyume. Inataka kufanya kila kitu, kwa kila mtu, kwa siku moja. Uingereza ilianza 2002 kujenga mfumo mmoja wa kumbukumbu za wagonjwa kwa hospitali zake za umma. 2011 mpango ukavunjwa, na gharama yake yote baadaye ilikadiriwa kufikia takriban pauni bilioni 10. Marekani ilizindua Healthcare.gov tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ya kwanza walioweza kujiandikisha hadi mwisho walikuwa sita tu. Wakandarasi walikuwa wengi, kila mmoja na kipande chake, na hakukuwa na mmoja aliyebeba dhamana ya kuunganisha vipande vyote na kuvijaribu pamoja mapema.

Kuandika programu yenyewe si sehemu kubwa ya bei. Zabuni huandikwa kabla mtoza ushuru wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hajaulizwa anafanyaje kazi, kisha kila anachokigundua baadaye kinakuwa mabadiliko ya mkataba, nayo yana bei yake. Daftari la zamani lina jina moja mara tatu, kwa namba tatu za simu: lazima mtu akae apige simu moja moja. Leseni za programu hulipwa kila mwaka. Na kama msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ni mali ya mkandarasi, ni yeye pekee anayeweza kuugusa, naye anapanga bei anavyotaka. Ndiyo maana ujenzi wa ndani una thamani: NeST, mfumo wa manunuzi ulioanza kutumika 2023 badala ya TANePS, mfumo wa manunuzi wa awali, ulijengwa na wataalamu wa Kitanzania.

Tazama mashine ya POS ya mtoza ushuru, ile ya mkononi inayotoa risiti, kwa karibu. Mtandao ukikatika, lazima iendelee kutoa risiti na kupeleka taarifa baadaye. Mashine mbili zikihesabu risiti kuanzia 1 bila alama ya mashine, zitatoa namba zilezile, na taarifa zikifika kituoni moja itakataliwa au kufutwa na nyingine. Dawa ni kuweka alama ya mashine ndani ya namba ya risiti. Kazi ya siku chache ikifikiriwa mwanzoni, ya miezi ikigunduliwa baada ya risiti elfu kumi kutoka. Karatasi ya risiti nayo hufifia juani, kwa hiyo bajeti ihesabu rola za akiba, na mlipaji apige picha risiti yake siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni kalenda, na hapa wanaopanga wakiwa mbali hukosea. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwalo hupoa. Mafunzo na uhamishaji wa mfumo vifanyike wiki ya mbalamwezi. Mfumo mpya ukiwashwa wiki ya giza, foleni itajaa alfajiri, mtoza ushuru atarudi kwenye kitabu cha karatasi, na mtu mwingine atalipwa kuingiza taarifa zile upya.