Huduma ya kutafuta nyaya na mabomba yaliyofukiwa kabla ya kumwaga zege: tathmini kutoka Kombeni

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kitu kidogo: sakafu ya zege ya mita nne kwa tano mbele ya nyumba yangu hapa Kombeni, Unguja, pamoja na nguzo nne za kushikilia kipaa cha kuegeshea gari. Fundi wangu alikuwa ameshapiga kamba na kokoto zimeshashushwa, lakini nilimzuia asianze kuchimba, kwa sababu miaka mitatu nyuma, tulipokuwa tunajenga ukuta wa uwani, mtaimbo wa kijana wake ulitoboa bomba la maji ambalo hakuna aliyelikumbuka, nasi tukashinda siku nzima tukichota matope kwa ndoo. Safari ile tuliharibikiwa na bomba tu, na sikutaka kungojea safari ya pili iwe ya waya wa umeme.

Ukiuliza ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, au ZAWA, mamlaka ya maji, utaoneshwa laini yao kuu inapopita, na ni vyema kuanzia huko. Hata hivyo, kwa kawaida kinachoanzia kwenye mita kuelekea ndani ni mali ya mwenye nyumba, na ramani yake ipo kichwani mwa fundi aliyekilaza. Mdogo wangu anayeishi Marekani hujisifu kwamba kwao mtu hupiga simu namba 811, ambayo inatumika nchi nzima tangu 2007, na watu huja bure kumchorea rangi ardhini, nyekundu kwa umeme na buluu kwa maji ya kunywa. Nilipombana alikiri kuwa huko nako wachoraji hao huishia kwenye mita, na waya wa kwenda kwenye banda la nyuma mwenye nyumba hujitafutia mwenyewe. Basi katika hilo tuko sawa.

Waliokuja kwangu ni mafundi wawili wenye duka dogo la vifaa vya umeme mjini, ambao hukodishwa zaidi na wajenzi wa mahoteli. Bei yao kwa nusu siku ilikuwa shilingi 120,000 pamoja na nauli. Walichelewa saa mbili bila ya kupiga simu, jambo ambalo sikulipenda, lakini walipoanza kazi hasira ilinitoka. Chombo chao kina sehemu mbili: kipokezi kirefu kinachoshikwa mkononi kama fimbo na kupitishwa karibu na ardhi, na sanduku dogo linalotuma mawimbi. Kipokezi kinaweza kusikia chenyewe mtetemo wa hezi 50 wa umeme wetu wa kawaida, ila ni lazima umeme uwe unatumika. Waya uliolala bila ya mzigo, yaani bila ya kifaa kinachovuta umeme, hutoa sauti hafifu au hautoi kabisa. Kwa nyaya za aina hiyo, sanduku huunganishwa na waya au huwekwa juu ya ardhi, likautia waya mawimbi ya kilohezi 33, na kipokezi kikayafuata.

Jambo lililonithibitishia thamani ya fedha yangu lilitokea kwenye pembe ya kusini, pale ilipokusudiwa kusimama nguzo ya tatu. Fundi alizima swichi kuu ya nyumba yangu, akarudi na kipokezi, nacho kikaendelea kulia. Akanitazama, akasema, "Maalim, huu si wako." Alikwenda ukutani akabisha hodi kwa jirani yangu, bibi mmoja wa makamo, akamwambia, "Samahani mama, hebu tuwashie pasi." Jirani akajibu kwa sauti kutoka jikoni, "Pasi tu? Nitie na birika?" Zilipowaka zote mbili, sauti ya kipokezi ilipanda papo hapo. Kumbe kabla ya ukuta kujengwa, marehemu mumewe alipitisha kebo ya kwenda nyumba ya uwani kwa njia ya mkato, na njia hiyo ya mkato sasa imo ndani ya kiwanja changu. Bibi wa watu aliona haya, nami nilimwambia hakuna kosa, maana wakati ule hapakuwa na ukuta wala mimi sikuwapo.

Chombo kilionesha kina cha sentimita 38. Fundi hakukiamini chombo chake kwa asilimia mia, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini yeye. Alimwomba jirani azime umeme wake, kisha akachimba kishimo cha majaribio kwa chepe na mwiko, akiufukua udongo taratibu kuanzia ubavuni badala ya kushindilia kutoka juu, mpaka tukaiona kebo yenyewe ikiwa kwenye sentimita 31, ndani ya bomba la plastiki lililopasuka, bila ya utepe wa tahadhari wala tofali la kuifunika. Shimo langu la nguzo lilikuwa liende sentimita 60. Anayezijua ardhi za upande huu wa Fumba hatashangaa: chini ya udongo kiasi cha shubiri moja au mbili unakutana na mawe ya matumbawe, na fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa siku, hulaza waya pale mtaimbo wake ulipochoka. Kwa hiyo vile vina vya kulazia waya vya sentimita 45 au 60 vinavyosemwa na mafundi usivitegemee ukalala usingizi.

Upande wa maji matokeo yalikuwa nusunusu, na ni lazima niseme wazi ili mtu asije akadai kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Chombo cha aina hii husikia chuma na nyaya, lakini bomba la plastiki hakilioni. Walinieleza hayo kabla ya kupokea hata senti moja. Kwa bomba la maji machafu la inchi nne waliingiza kitoa mawimbi kidogo kwenye ncha ya fimbo laini kupitia kifuniko cha karo, wakakifuata kwa juu hadi ukutani, na tukagundua kuwa linapita nje kabisa ya sakafu. Kwa bomba la maji safi, ambalo limejaa maji muda wote, hila hiyo haikuwezekana. Tulikisia mstari kutoka kwenye mita hadi jikoni, tukachimba mfereji mwembamba kwa mkono kuukata mstari huo katika sehemu mbili, na tukalipata kwenye sehemu ya pili. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote na, kwa haki, hata fundi bomba wa mtaani angeweza kuifanya kwa bei nafuu zaidi.

Lawama yangu kubwa ni alama. Walichora mistari kwa chokaa, usiku ikanyesha mvua ya vuli, na asubuhi sikuwa na mstari wowote isipokuwa doa jeupe karibu na mlango. Nilipopiga simu walikuja wenyewe bila ya kunidai nyongeza, wakapiga vigingi vya mbao vyenye kamba, lakini vigingi hivyo vingepigwa tangu mwanzo. Pia hawakuacha mchoro wowote wa karatasi. Nimeuchora mimi, kwa kupima kutoka kwenye pembe za nyumba, na nakala moja nimempa jirani.

Tulikubaliana kuisogeza nguzo ya tatu sentimita 70, na kebo ya jirani haikuhamishwa, bali iling'olewa upande mmoja ikapitishwa ndani ya bomba la inchi tatu kwa upana wote wa sakafu, ili siku ikiharibika ivutwe nje na mpya ipitishwe bila ya kuvunja zege. Gharama za bomba tuligawana nusu kwa nusu. Fundi wangu wa zege, aliyekuwa akilalamika kwamba anapotezewa wakati, ndiye aliyependekeza tutie na bomba jengine tupu pembeni yake, kwa ajili ya waya wa taa ya getini ambao sikuwa hata nimeufikiria. Zege la sentimita 10 lilimwagwa Jumamosi asubuhi, na midomo ya mabomba yote mawili imeachwa nje, imefungwa kwa mifuko ya saruji na kamba ya katani mpaka nitakapopata vifuniko vyake.