Mshale mwepesi au mzito?

Kwa mkazi wa Arusha anayeanza kulenga shabaha kwa upinde, mshale mwepesi huonekana bora kwa sababu hutoka kwa kasi zaidi. Kasi hiyo ni ya kweli, lakini wengi huongeza kwamba mshale huo huruka bila kushuka, jambo lisilo sahihi, kwani mshale wowote huanza kushuka chini ya mstari ulioelekezwa mara tu unapoachana na upote. Ukienda mita 60 kwa sekunde, katika umbali wa Olimpiki wa mita 70 utakuwa umeshuka zaidi ya mita 6. Ukienda mita 50 kwa sekunde, zaidi ya mita 9. Faida halisi ya mwepesi, basi, ni kwamba kosa la kukadiria umbali huugharimu kidogo.

Mzito hutoka polepole, lakini huchukua sehemu kubwa zaidi ya nishati ya upinde uleule na, umbo likiwa sawa, kasi yake hupunguzwa na hewa taratibu zaidi. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Tanga, ingawa tofauti hiyo haibadilishi uamuzi. Binafsi ningechagua mzito, maana mshale mwepesi kupita kiasi huuachia upinde mtetemo unaoweza kuuvunja.