Michezo mifupi au igizo refu: vijana waanze na lipi kuigiza papo kwa papo?

Kwa kijana mwenye haya, michezo mifupi haina mpinzani. Viola Spolin, mwalimu Mmarekani wa maigizo, aliikuza Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930 akifanya kazi na watoto. Mchezaji hushughulika na kanuni ya mchezo hadi anasahau kuwa anatazamwa. Nimemwona binti asiyeinua macho sakafuni akipaza sauti mara tu alipoambiwa adake mpira usioonekana. Dakika tano zinatosha, na aliyekosa kipindi hapitwi na mengi.

Igizo refu, kama Harold, muundo uliokuzwa na mwigizaji na mwalimu Mmarekani Del Close, hudai kundi lile lile wiki baada ya wiki: neno moja la watazamaji huzaa matukio matatu yanayorudi na kusukana. Mahudhurio yakiyumba, linavunjika. Lakini hapa ndipo vijana husikilizana kweli, maana alichosema mwenzako mwanzoni utakihitaji baadaye. Michezo mifupi huwazoesha mno kuwinda kicheko.

Gharama zinalingana: chumba kitupu kinatosha. Ukiwa na saa moja na sura mpya kila mara, chukua michezo. Ukiwa na muhula mzima na kundi linaloaminiana, wape igizo refu.