Kikokotoo cha ETF Research Center: kuitambua mifuko inayorudia hisa zilezile

Mwekezaji anayemiliki VOO na VTI, mifuko miwili ya hisa inayouzwa sokoni (ETF) ya kampuni ya Vanguard nchini Marekani, anaweza kuamini kwamba ametawanya fedha zake vizuri, ilhali kikokotoo cha bure cha tovuti ya ETF Research Center kitamwonyesha mara moja kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa mifuko hiyo (yaani sehemu ya fedha za mfuko iliyowekwa katika kila hisa) uko katika hisa zilezile. Ninachokithamini zaidi ni namna kinavyopima: kwa kila kampuni iliyomo katika mifuko yote miwili huchukuliwa uzito ulio mdogo, kisha hujumlishwa, hivyo Apple na Microsoft huhesabiwa kwa ukubwa wake halisi. Kuhesabu majina pekee kungepotosha, kwani VTI ina kampuni zaidi ya 3,000 na VOO takriban 500. Upungufu wake ni kwamba hulinganisha mifuko miwili tu kwa wakati mmoja, wala hakiulizi umeweka kiasi gani katika kila mmoja; mwenye mifuko mitano atalazimika kufanya ulinganisho mara 10. Hata hivyo, ningemsihi kila mwekezaji akitumie kabla ya kuongeza mfuko mwingine, hasa QQQ, mfuko wa kampuni kubwa za soko la Nasdaq, ambao kampuni zake kubwa karibu zote tayari zimo ndani ya VOO.