Mashua iliyotumika: libaki jina la zamani au lije jipya?

Ukinunua mashua ya mtu, jina la zamani lina faida moja kubwa: linajulikana. Wachuuzi wa samaki wamelizoea, na jina la chombo kwenye cheti cha usajili halibadilishwi. Mabaharia wa Ulaya wana sababu nyingine: kulibadili ni kumchokoza Neptune, mungu wa bahari, mpaka kila alama ya jina hilo ifutwe, hata kwenye maboya, kisha divai imwagwe majini.

Jina jipya lina gharama: rangi, makaratasi, na kwetu pwani dua na ubani kabla ya kushua chombo. Lakini nuksi? Tazama meli ya MV Liemba. Wajerumani waliiita Graf von Goetzen, wakaizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi. Aliyezama ni Goetzen!

Mimi nabadili, hasa kama chombo kiliwahi kupoteza watu. Jamaa zao wasilazimike kulisoma jina lile kila siku bandarini. Nachagua fupi, lisikike redioni hata upepo ukivuma.